Mpwa wangu wa Houston anataka skolashipu ya uofisa, asome kozi gani?

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa hapa Masasi, nalima korosho na nina kaduka ka vifaa vya ujenzi. Dada yangu wa tumbo moja anaishi Houston kule Marekani huu mwaka wa ishirini sasa, na mwanae wa kiume kazaliwa hukohuko, yupo mwaka wa mwisho wa sekondari. Anataka kuwa ofisa wa jeshi la kule na kuna skolashipu inaitwa ROTC, inakulipia chuo alafu ukimaliza unaingia jeshini na cheo chako. Shida ni kozi. Yeye historia anaipenda mpaka basi, Kihispania anasoma vizuri, hesabu anapata za kawaida, fizikia ndo anaiburuza kabisa. Sasa kuna Mtanzania mwenzao huko kawaambia kama hasomi uinjinia asahau, jeshi gani litamlipia mtu asome historia. Dada kanipigia juzi analia, anasema wewe ndo mjomba mtu, sema neno, mtoto atakusikiliza. Mimi mwenyewe nilitamani awe injinia maana huku kwetu kuna gesi, siku akirudi atapata pa kushika, lakini naogopa kumwambia kitu nisichokijua. Nimshauri nini? — Mjomba mtu, Masasi

JIBU: Marahaba mjomba. Nashukuru umeuliza kabla hujasema, maana sisi watu wa kusini tunajua mdomo wa mjomba ulivyo mzito, Mmakonde, Mmwera, Myao, wote kwa mila zetu za zamani mtoto wa dada anamsikiliza mjomba kuliko hata baba yake. Ukimwambia uinjinia atasoma uinjinia. Kwahiyo kaa vizuri tuongee polepole.

Kwanza ujue hiyo ROTC ni kitu gani, maana haifanani na utaratibu wa kwetu. Hapa kijana anapelekwa Monduli, anakaa Monduli, anatokea Monduli ofisa. Kule wanacho pia chuo cha namna hiyo, ila ROTC ni kitu kingine, ni mafunzo ya uofisa yanayofanyika ndani ya vyuo vikuu vya kawaida vya kiraia, yalianzishwa kwa sheria ya mwaka 1916. Mtoto anasoma kozi yake kama wenzie wote, anaishi hosteli, ila asubuhi na mapema kuna mazoezi, kwenye ratiba kuna vipindi vya kijeshi, kuna siku anavaa sare, na likizo nyingine anaenda kambini. Akihitimu digrii anavishwa cheo cha kwanza cha uofisa, yaani sawasawa na luteni usu wetu. Na tofauti nyingine kubwa, sisi huku mtoto anachagua PCM au HGL (fizikia, kemia na hesabu, au historia, jiografia na Kiingereza) angali na miaka kumi na sita na hapo njia imeshajichora, wao kule mtu anaweza kuingia chuo na kozi moja akahamia nyingine mwaka wa pili na wala sio jambo la ajabu. Lakini akiwa na skolashipu ya jeshi uhuru huo unapungua, ntakueleza.

Uraia ndo mlango wa kwanza. Skolashipu hii anapewa raia wa Marekani, green card, yaani kile kibali cha kuishi kule moja kwa moja, haitoshi. Mpwa wako kazaliwa kule hivyo hapo kapita, ila kumbuka Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwahiyo mtoto akishatimiza 18 hilo nalo mliongee kifamilia kwa uwazi, lisije likamshtukiza mtu baadae kwenye makaratasi.

Sasa huyo ndugu aliyewaambia bila uinjinia asahau, kasema kweli nusu. ROTC sio mfuko mmoja, ni mitatu, jeshi la nchi kavu, jeshi la majini na jeshi la anga, na kila mmoja una macho yake. Wanamaji ndo wakali kwenye kozi, wao wamezigawa kwa madaraja, uinjinia juu kabisa, hesabu na sayansi kama fizikia na kemia daraja la pili, alafu mengine yote, historia ikiwemo, daraja la tatu. Na wameweka wazi kwamba asilimia 85 ya skolashipu za upande wa navy, yaani wanamaji wenyewe, zinaenda madaraja mawili ya juu. Kwahiyo mwanahistoria anagombania zile asilimia 15 zilizobaki na watoto wa nchi nzima, tena wenye maksi kali kweli. Na hata akiipata, navy wanamtaka afaulu kalkulasi, ile hesabu ya juu, na fizikia ile inayotumia kalkulasi, haijalishi anasoma historia au ushairi. Umesema fizikia anaiburuza, basi huo mlango mjomba tuuache ulivyo. Jeshi la anga nalo linaegemea sana kozi za ufundi na sayansi, sio kwamba haliwataki wengine ila uzito uko kule.

Lakini kuna Marines, askari wa kupigana nchi kavu wanaotokea baharini. Hawa skolashipu yao inapita humohumo kwenye ROTC ya wanamaji, ila wao hawafuati yale madaraja ya kozi wala hawamlazimishi mtu kalkulasi, wanachokitaka ni mtu mwenye pumzi, mwenye uongozi, asiyekata tamaa. Na kuna jeshi la nchi kavu ambalo ndo lenye mlango mpana kuliko wote, mtu anasoma karibu kozi yoyote, unesi ndo una mfuko wake pembeni, na historia wanaipokea vizuri tu. Wao wanatazama maksi zake za sekondari, mtihani wa SAT au ACT ambayo ndo mitihani yao ya kuombea chuo, michezo, uongozi aliowahi kushika hata kama ni kanisani au msikitini, mtihani wa mazoezi ya mwili na mahojiano ya ana kwa ana. Kwahiyo kama kuna neno la kwanza la kumpelekea mpwa ni hili, milango yake iko miwili, na yote miwili haimdai uinjinia.

Naomba nikupe mfano wa mtu, ukiongea na dada yako umsimulie. Colin Powell, yule jenerali mweusi, wazazi wake walihamia Marekani kutoka Jamaika, watu wa kazi za kawaida tu. Aliingia City College ya New York akaanza na uinjinia, maana na kwao waliamini hivyohivyo kwamba uinjinia ndo kula, ikamshinda mapema akahamia jiolojia. Maksi zake zilikuwa za wastani wa C. Alichokiweza ni ROTC, humo ndo aling'ara, akatoka 1958 ofisa, na kuanzia 1989 mpaka 1993 alikuwa mwenyekiti wa wakuu wa majeshi yote ya Marekani, baadae waziri wa mambo ya nje. Jiolojia haikumfanya jenerali, ila ilimpa digrii, na bila digrii asingevaa hicho cheo cha kwanza. Sisemi maksi hazina maana, siku hizi zina maana sana, hata mtu akishakuwa kadeti, yaani mwanafunzi wa uofisa, maksi zake za chuo zinaingia kwenye kupanga aende kikosi gani. Na hapo ndo hoja yangu ilipo. Kijana wa historia mwenye A na B atapangiwa vizuri kuliko injinia wa C na D anayelala na sapu anaamka na sapu.

Hili naliongea kwa uchungu mjomba na nitakuambia kwanini. Miaka ile nafundisha, kulikuwa na kijana mmoja mzuri sana wa jiografia na historia, anaongea mbele ya wenzie wanakaa kimya wote, mkimbiaji, na ndoto yake ilikuwa jeshi. Akaja nyumbani kuniuliza achukue kombi gani. Mimi nikamwambia mwanangu jeshi la sasa linataka sayansi, nenda PCM. Nilisema kwa kujiamini kabisa na sikuwa nimeuliza mtu. Alienda, miaka miwili aliteseka na yale mahesabu, form six akatoka na ziro, na umri nao haukumsubiri. Leo anafanya kazi bandarini hapa Mtwara, analea watoto wake vizuri, na tukikutana ananiamkia kwa heshima zote wala hajawahi kunilaumu hata siku moja. Mimi ndo najilaumu. Nilimchagulia kombi ya jeshi ninalolifikiria badala ya kombi anayoiweza yeye.

Wewe ni mkulima wa korosho, unaijua kangomba. Mtu ana shida ya hela mwezi wa sita, anamuuzia mlanguzi korosho ambazo bado ni maua juu ya mti, bei ya kutupa, mnada ukifika wenzie wanalipwa yeye anaangalia. Kuchagua kozi usiyoiweza kwa sababu tu ndo yenye skolashipu ni kangomba hiyohiyo. Unapokea leo, unakuja kulipa miaka minne na zaidi.

Na kulipa sio maneno. Skolashipu ya jeshi la nchi kavu inalipa ada yote ya chuo, au mtoto anachagua ilipe malazi na chakula mpaka kiwango fulani kwa mwaka, juu yake wanampa dola 1,200 za vitabu kwa mwaka, na posho ya dola 420 kwa mwezi anapokuwa chuo, hiyo tuseme ndo bumu lake. Hela nzuri. Ila nyuma yake kuna mkataba wa miaka 8, kwa kawaida 4 ya kulitumikia jeshi moja kwa moja na inayobaki kwenye akiba, navy wao ni 5 ya moja kwa moja. Uzuri ni kwamba mwaka wa kwanza wa chuo ni wa kupima, mwenye skolashipu ya miaka minne akiona maisha hayo hayamfai anaweza kutoka kabla mwaka wa pili haujaanza na hadaiwi kitu. Akishaingia mwaka wa pili amefungwa, akiacha au akidisko anaweza kudaiwa arudishe hela ya watu yote, au wakamchukua jeshini kama askari wa kawaida. Ndo maana nasema uhuru wa kubadili kozi unapungua, maana skolashipu imetolewa kwa jina la kozi, ukitaka kuhama lazima uombe ruhusa, na kutoka uinjinia kwenda historia kwa wanamaji au jeshi la anga unaweza ukaondoka na skolashipu ikabaki. Wapo wanaofikiria ntaandika uinjinia nipate hela alafu nitahama. Mpwa wako asijaribu huo ujanja.

Kuna kitu kimoja kwenye barua yako umekipita juujuu na mimi nimekifurahia, Kihispania. Mtoto wa lugha kwenye jeshi lile ana thamani. Na Kiswahili anachoongea na mama yake jikoni je? Wizara yao ya ulinzi ilikuwa na mpango unaitwa Project GO wa kuwasomesha makadeti wa ROTC lugha ambazo kwao wajuzi ni wachache, Kiarabu, Kichina, Kirusi, na Kiswahili kilikuwemo. Wenzie wanalipiwa kwenda kujifunza salamu, yeye anazo toka tumboni. Asiache kukiandika kwenye fomu, na mwambie dada aendelee kumsemesha na kumsomesha kuandika, maana watoto wengi wa huko wanaelewa ila kuandika hawawezi.

Mengine ni ya kukimbizana nayo tu. Maombi ya skolashipu na maombi ya chuo ni vitu viwili tofauti, unaweza ukapata hela na chuo kikakukataa, kwahiyo aombe vyuo kadhaa vyenye ROTC, na hapo karibu na Houston kipo Prairie View A&M, chuo cha kihistoria cha watu weusi, kina ya nchi kavu na ya wanamaji. Kuna vipimo vya afya na wanauliza mpaka ya utotoni, pumu kwa mfano, kama aliendelea kuwa nayo baada ya kutimiza miaka 13 inaweza kumzuia mpaka aombewe msamaha maalumu. Aseme ukweli hivyohivyo. Na ataulizwa kuhusu ndugu na watu wa karibu walioko nje ya Marekani, maana ofisa lazima apekuliwe. Msiogope na msifiche, kuwa na mjomba Masasi sio kosa.

Kuhusu injinia wa gesi, mjomba, natamani na mimi. Lakini hiyo ni ndoto yako na yangu. Mpigie mwenyewe Jumapili saa mbili usiku, kwao itakuwa mchana saa tano au saa sita kutegemea majira, usipitie kwa mama yake. Muulize kitu kimoja, wakikunyima hiyo skolashipu bado utataka kusoma historia? Akikujibu ndiyo bila kusita, mpe baraka zako. Akisita, mwambie afikirie tena kabla hajajaza fomu.

SWALI: Mwalimu, mimi ni binti wa Lindi, nimemaliza form six PCB nimepata division two, JKT ya mujibu nimeshapita na nimeipenda sana. Nataka kuwa ofisa wa JWTZ. Je kuna skolashipu ya jeshi chuoni kama za nje? Na nisome unesi au sosholojia? Rafiki zangu wanasema sosholojia rahisi, nimalize haraka nikaombe. — Binti wa Lindi

JIBU: Hongera mwanangu. Hapa kwetu hamna mpango kama ROTC kwenye vyuo vikuu vya kiraia, ada yako utaitafuta kwa njia za kawaida, bodi ya mikopo ndo ya kwanza, na wale waliofanya vizuri kabisa masomo ya sayansi kuna Samia Skolashipu. Jeshi lenyewe linatangaza nafasi linapohitaji, na matangazo ya miaka ya karibuni yametaka kijana awe amepita JKT na ana cheti, sasa kasome tangazo lenyewe kwa makini kama linamtaka wa mujibu ile miezi mitatu au wa kujitolea ile miaka miwili, watu wengi wanachanganya hapo. Umri nao wanaukata, wa form four na form six imekuwa mwisho miaka 24, wenye digrii wanaongezewa kidogo, madaktari bingwa mpaka 35. Kwahiyo piga hesabu za miaka yako kabla hujaanza kozi ndefu.

Ukichaguliwa unaanza na mafunzo ya kuruta kama kila mtu, wanaoonekana wanafaa ndo wanaenda Monduli kama maofisa wanafunzi, na siku ya kamisheni Amiri Jeshi Mkuu anawatunuku uluteni usu. Monduli siku hizi inatoa pia shahada ya sayansi ya kijeshi humohumo, jua hilo lipo.

Unesi au sosholojia? Una PCB, una division two, na jeshi lina hospitali, Lugalo ni mfano tu, na kwenye matangazo yake fani za afya na uinjinia ndo zinatajwa kwa majina. Sosholojia kuichagua kwa sababu ni rahisi mimi siafiki. Ila nina swali, damu unaiweza? Umeshawahi kukaa wodini na mgonjwa usiku mzima? Nenda hospitali ya Sokoine hapo Lindi, kama una ndugu amelazwa mkeshee siku mbili, utajijua mwenyewe. Ukiona unaweza, chukua unesi, maana jeshi lisipokuita kuna hospitali na vituo vya afya vinakuhitaji kutoka Kilwa mpaka Nanyumbu. Na mtu akikuambia toa hela akuingizie jina jeshini huyo ni tapeli, hata kama amevaa kombati. Jeshi lenyewe linasema kila mwaka nafasi haziuzwi na bado watu wanauza mashamba kuwapa matapeli, inaniuma sana hii.

Siku ukipata nafasi shuka Mtwara uende Naliendele, pale walipolazwa askari wetu waliofia Msumbiji. Kaa hapo kidogo peke yako. Hiyo ndo kazi unayoiomba.

SWALI: Mwalimu mimi nipo form four Newala. Mtu akisoma HGL anaweza kuwa ofisa wa jeshi au ni wa sayansi tu? Fizikia siiwezi ila mbio naongoza shule nzima.

JIBU: Anaweza, na wapo. Waamuzi ni afya, nidhamu, JKT na tangazo la mwaka huo linavyosema, na jeshi lina kazi za sheria, utawala, habari, ualimu, sio mitambo tu. Yule kijana wangu niliyemsimulia hapo juu alikuwa kama wewe hivihivi. Jaza HGL kwenye selform yako mwanangu, na hizo mbio za asubuhi usiziache.